Sekunde Nne za Adrienne

Tik. Kimya. Halafu tik-tik-tik, haraka haraka, kama mtu anayegonga kucha kwenye sufuria tupu. Lilikuwa bomba la joto chini ya dirisha, linaanza kupata moto saa kumi na moja na nusu alfajiri, na nje bado giza totoro. Diane alikuwa macho kabla yake. Alilala chali, simu sikioni, akisikiliza sekunde nne.

Alikwisha kuzisikiliza mara nyingi mno, hata kidole chenyewe kilijua mahali pa kurudisha. Kwanza wanawake wanaimba kwa mbali, kama wako nyuma ya ukuta. Kisha sauti moja iliyo karibu, haiimbi, inaita tu: "Diane, mwanangu, njoo..." Hapo hapo ngoma zinaiangukia kama shehena ya mabati, na basi. Hakuna kingine.

Njoo wapi? Njoo ufanye nini?

"Umeshaanza," alisema Sixte, mumewe, uso ukiwa bado kwenye mto.

"Sijalala."

"Leo wako wapi?"

"Hamburg. Kesho Kopenhagen. Jumamosi huku kwetu Stockholm."

Sixte aliketi, akapapasa sakafuni kutafuta soksi. Alikuwa dereva wa basi, na zamu yake haikungoja mtu. "Labda leo hawataipiga," alisema.

"Wataipiga, Sixte. Si wameahidi?"

Sixte alimwekea mkono kwenye paji la uso, kama anayempima mtoto homa, kisha akaenda kuchemsha chai.

Mambo yalianza mwezi wa nane, kwa Thierry. Thierry ni mtoto wa mama mkubwa wa Diane, na kazi yake ni kupanga matairi kwenye ghala moja kule Jordbro. Humo ghalani husikiliza muziki wa ajabu ajabu ambao ukoo mzima humcheka kwa ajili yake. Wanauita muziki wa friji mbovu. Jumapili moja baada ya ibada alifika nyumbani kwa Diane, Hallunda, akapita sebuleni bila hata kugusa sombe, mboga ya majani ya muhogo aliyoandaliwa, akamvika Diane spika za masikioni.

"Sikiliza. Usiniulize kitu."

Diane alisikiliza. "Nani huyo anayeniita?"

"Njo mama yako, dada," Thierry alisema, njo ya kwao ikiwa na maana ya ndiye, akajifuta macho kwa mkono wa shati, mtu mzima wa miaka thelathini na tano. "Njo Adrienne mwenyewe."

Thierry alikuwa na miaka kumi na miwili kule kambini Tanzania. Sauti hiyo ilikuwa imemlisha, imemgombeza, imemwamsha asubuhi aende kupanga ndoo kwenye foleni. Asingeweza kuikosea. Diane yeye alikuwa na miaka minne mama alipokufa. Picha yao ya pekee iliozea ndani ya hema, masika yale ya mvua nyingi. Watu humwambia kwamba ana pua ya Adrienne, ana mwendo wa Adrienne, na yeye huenda kwenye kioo akaitazama hiyo pua, akashukuru. Lakini sauti hakuna anayeweza kukuonyesha kwenye kioo.

Wakati huo alikuwa akisoma shule ya jioni, siku mbili kwa wiki, na mwalimu wao Rebecka alikuwa ametoa kazi: kila mmoja aandike historia ya kitu kimoja, chochote, kurasa tano. Mmoja aliandika historia ya kahawa. Jibril, aliyekaa dawati la nyuma na kutania kila mtu, aliandika historia ya zipu. Diane akaandika historia ya bendi ya wimbo ule wa Thierry, bendi ya roki ya Marekani ambayo hakuna mtu darasani aliyewahi kuisikia.

Bendi hiyo iliitwa Lint Cathedral. Maana yake, Rebecka alimweleza, ni kanisa kuu la yale manyoya laini yanayobaki kwenye mashine ya kukaushia nguo. Ilianza mwaka 1996 katika mji mdogo wa jimbo la Ohio, chini ya duka la kufulia, na watu wake walikuwa watatu: Wendell mwenye gitaa, mwanamke mmoja mpiga ngoma, na mdogo wa huyo mwanamke, aliyepiga mashine za kaseti kama wengine wanavyopiga kinanda. Onyesho lao la kwanza lilihudhuriwa na watu waliofuata mashati yao. Katika santuri yao ya pili waliwasha mashine kumi na mbili za kufulia, zote tupu isipokuwa moja, ambayo ndani yake walitia buti. Magazeti mengine yaliwaita wendawazimu. Mengine yalisema hawa wamefungua mlango ambao roki haikujua kama inao. Diane aliandika yote mawili. Hakujua ni lipi kweli.

Mwaka 2002 Wendell alisafiri na watu wa kanisa lake kwenda magharibi ya Tanzania kufunga pampu za maji kwenye kambi ya wakimbizi. Alikaa miezi sita, na mfukoni alikuwa na kinasa sauti. Alinasa pampu, akanasa kuku, akanasa kwaya ya akina mama iliyofanya mazoezi kando ya bomba namba tisa. Aliporudi kwao alikata utepe wa kaseti vipande vipande, na kila kipande akakiunga ncha kwa ncha, kikawa pete. Pete inazunguka kwenye mashine, inaimba, inarudi inaimba tena.

Na hapa ndipo palipokuwa na desturi yao, iliyowapa jina kuliko gitaa lolote. Hawakunakili. Pete ilikuwa moja tu. Kila ikipita kwenye kichwa cha mashine, chembe za ule unga wa kahawia unaobeba sauti hudondoka kidogo, na kadiri inavyopigwa ndivyo inavyofifia. Wao walisema sauti ina uhai wake. Iachwe iishi mbele ya watu na ife mbele ya watu. Pete ikiisha waliitundika mlangoni, na ukumbi ukasimama kupiga makofi.

Ile ya kwaya waliipiga mara chache tu, wakaiweka kwenye santuri moja mwaka 2004, ngoma zikiwa juu yake, kisha Wendell akaifungia kwenye kopo la biskuti kwa sababu aliipenda. Baadaye yule kijana wa kaseti alifariki, bendi ikavunjika, ikapita miaka karibu ishirini ya kimya. Sasa wawili waliobaki walikuwa wanazunguka Ulaya mara ya mwisho.

Kwa hiyo pete ilikuwepo. Diane alipoligundua hilo alishindwa kukaa kwenye kiti. Mahali fulani duniani, ndani ya kopo, mama yake alikuwa anamalizia ile sentensi.

Aliandika barua pepe na Rebecka akamsaidia kuitia Kiingereza. *Mimi ndiye Diane anayeitwa katika wimbo wenu wa tatu. Anayeniita ni mama yangu, Adrienne, ambaye sasa ni marehemu. Nawaomba sana nisikie sauti yake. Mkija Stockholm nitakuja na binti yangu.* Rebecka aliisifu barua ile: fupi, yenye adabu, inaeleweka. Na kweli ilieleweka. Kilichokosekana ni sentensi moja tu, ambayo hakuna mtu aliyefikiri kwamba inahitaji kuandikwa.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa.

*Diane, nimelia. Wewe na mama yako tunawapa kitu kikubwa kuliko vyote tulivyonavyo. Tumeitoa pete ya kwaya kwenye kopo. Tutaipiga kila usiku kwa ajili yenu, kuanzia Lisbon hadi Stockholm. Majina yenu yatakuwa mlangoni. Wendell.*

Aliisoma mbele ya darasa. Watu walipiga makofi, Jibril akapiga mluzi. "Diane bwana! Mpaka Lisbon wanamjua!" Alirudi kwenye kiti chake uso ukiwaka kwa furaha, akafungua daftari amalizie ukurasa wa nne. Macho yakaangukia sentensi aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe juma lililopita, ile ya unga wa kahawia.

"Rebecka," alisema polepole. "Kutoka Lisbon mpaka hapa, ni maonyesho mangapi?"

Walihesabu kwenye tovuti, vichwa vimegusana juu ya simu. Kumi na moja.

Aliandika usiku ule ule, akiomba pete isipigwe mpaka afike. Jibu lilirudi kabla hajaweka simu chini, na alipoliona alishtuka kwa matumaini, kumbe ni la mashine: *Tukiwa safarini simu tunaziacha nyumbani. Ndivyo tulivyofanya tangu 1996. Tutakusoma tukirudi.* Aliandika tena kesho yake, na kesho kutwa. Aliwaandikia watu waliotoa santuri. Mmoja akamjibu kwa picha ya moyo mwekundu. Lisbon ikapita. Madrid ikapita, Lyon ikapita. Thierry alikusanya video ambazo watu walirekodi kwa simu zao ukumbini, akazisikiliza usiku kucha kutafuta sauti ya mama mdogo, lakini ngoma zilikuwa zimefunika kila kitu.

"Haiko," alimwambia. "Ngoma tu, na wazungu wanapiga kelele."

Hivyo kila alfajiri Diane aliamka akiwa na jina la mji kichwani. Mchana, kule anakofanya kazi kuwasaidia wazee, aliwakatia mikate, akawafungia viatu, akawaambia pole pole bibi, na moyoni alikuwa akisema, sasa wanaitoa kwenye kopo. Sasa wanaizungusha. Alihisi kama mtu anayetazama kupitia kioo kinene watu wema wakimpasulia nguo yake ya pekee ili wampambie meza. Ungewagombeza vipi? Wanafanya kwa upendo. Na hawasikii.

Siku ya Kopenhagen, Rebecka alimpigia mwenyewe. "Tusiandike tena. Tupige simu ukumbini."

Aliunganisha simu ya ukumbi, Diane akisikiliza, na aliyepokea alikuwa kijana mchangamfu. Rebecka alieleza yote, pole pole, mara mbili: mwambieni Wendell asiipige pete ya kwaya, anayeomba ni Diane wa Stockholm. Kijana alisema sawa kabisa, naandika hapa, atapata karatasi kabla ya onyesho. Diane alikata simu akalia kwenye korido ya kazini, kicheko na machozi pamoja, na bibi mmoja mwenye kigari cha kutembelea akasimama kumpigapiga mgongoni bila kuuliza. Usiku ule alilala. Alilala kama jiwe, hata bomba la joto hakulisikia.

Asubuhi akakuta ujumbe wa Thierry. *Dada. Wameipiga mara mbili.*

Jumamosi saa tisa na nusu alasiri jua lilikuwa limekwisha kuondoka, kama ilivyo huko majira ya baridi. Diane alimvisha Emmanuella, binti yake wa miaka mitano, gauni la kanisani, na juu yake ovaroli ya theluji, kisha wakapanda treni na Thierry. Milango ya ukumbi ingefunguliwa jioni, lakini alitaka wafike mapema, kabla ya watu. Bado kulikuwa na onyesho moja. Kama kipo chochote kilichobaki, kilikuwa kimebaki leo.

"Bibi ataona gauni langu?" Emmanuella aliuliza.

"Hapana, mama. Wewe ndiye utamsikia yeye."

"Atasema nini?"

"Atasema njoo."

"Halafu?"

"Halafu ndiyo tunakwenda kusikia."

Thierry aligeuza uso dirishani.

Ukumbi zamani ulikuwa kiwanda, upande wa kusini mwa mji. Mlangoni Diane alitaja jina lake, na msichana mwenye orodha akaruka. "Diane! Wanakungoja!" Ndani kulikuwa na baridi, nyaya sakafuni, fundi mmoja wa mitambo juu ya ngazi. Jukwaani, mwanamke mwenye mvi alikuwa anakaza ngoma zake. Kutoka nyuma ya pazia akaja mzee mrefu mwembamba, kofia ya sufu kichwani, mikono ameitanua tangu mbali.

"Karibu, mama! Karibu! Maji iko!"

Thierry alicheka bila kutaka. "Ni yeye! Wewe ndiye uliyekuwa unatufukuza kwenye bomba namba tisa!"

"Mlikuwa mnakalia pampu yangu!" Wendell alijibu kwa Kiingereza, na macho yake yalikuwa yamelowa. Alipiga magoti mbele ya Emmanuella, akampa mkono kama anampa malkia, akamvika vile vifuniko vikubwa vya masikio ambavyo watoto huvaa kwenye maonyesho. "Ngoma zetu ni kali," alimwambia.

Diane alikuwa amejifunza sentensi zake kwenye treni. Zote zilimtoroka ikabaki moja. "Pete. Tafadhali, usiipige leo."

Mzee aliinuka kutoka magotini.

"Niliandika," Diane alisema. "Mara tisa. Na jana tulipiga simu."

"Jana waliniletea kikaratasi." Wendell alipapasa mfuko, akakitoa, kimekunjwa kwa heshima kama hati. Kilikuwa na mstari mmoja: *Diane, Stockholm, amepiga simu kuhusu pete ya kwaya.* "Nilidhani unaogopa tutaisahau. Kwa hiyo tukaipiga..."

"Mara mbili. Najua."

Wendell alikwenda, akarudi na kopo la biskuti. Alilifungua mbele yao. Pete ilikuwa nyembamba kuliko Diane alivyoiwaza, urefu wa mkono wa mtu, na ilipaswa kuwa na rangi ya chai ya rangi. Mahali pachache bado palikuwa hivyo. Kwingine kote ilikuwa nyeupe ya kuonekana upande wa pili; ungeiweka juu ya gazeti ukasoma.

"Kwetu sisi," Wendell alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea mbele ya mama yake, "hakuna heshima inayozidi hiyo. Sauti kumalizika mbele ya mwenyewe. Nilitaka imalizikie kwako."

"Mimi sikutaka imalizike," Diane alisema. "Nilitaka nianze kuisikia."

Mpiga ngoma aliweka vijiti vyake chini. Fundi alishuka ngazi.

"Nisamehe," mzee alisema. Alilisema kwa Kiswahili, na hilo alilisema sawasawa.

Angemfanya nini? Alikuwa na hasira njia nzima, hasira nzuri yenye maneno, na sasa aliitafuta hakuiona. Mbele yake alisimama babu wa watu ameshika kopo.

"Ichukue," Wendell alisema. "Nenda nayo nyumbani. Usipoipiga, kilichomo kitakaa humo. Au tuipige mara moja tu, sasa, pole pole, bila ngoma. Lakini kila ikipita inatoa kitu. Sijui kama kuna kilichobaki cha kutoa. Siwezi kukuahidi."

"Dada, tuichukue," Thierry alinong'ona kwa Kiswahili. "Wako watu wa maabara wanaoweza kuirudisha sauti. Siku moja..."

Siku moja. Diane alimtazama binti yake, aliyekuwa amefungua ovaroli mwenyewe mpaka kiunoni ili gauni lionekane. Akawaza kopo juu ya kabati Hallunda, mwaka huu, mwaka ujao, na yeye kila alfajiri akiwa chali anaulizana na giza kama mama yumo au hayumo.

"Piga," alisema.

Fundi alizima feni, kisha taa zilizokuwa zinavuma. Thierry aliwasha simu inase, akaishika kwa mikono miwili. Wendell aliivika pete kwenye mashine, akaikosa, akaivika tena. Diane alikaa sakafuni karibu na spika, Emmanuella mapajani, na mbele ya wote akafumba macho.

Ssssss. Kama mafuta yanayochemka kikaangoni nyumba ya jirani. Kama mvua ya mbali juu ya turubai. Pete ilifika ilipoungwa ikatoa kishindo kidogo, ikaanza upya.

"Pale!" Thierry alipaza sauti. "Umesikia? Pale, baada ya kishindo!"

Wendell aliitikia kwa kichwa, haraka haraka. "Ndiyo. Ndiyo, nadhani ndiyo." Mpiga ngoma naye aliitikia, machozi yanamtoka. Hata fundi, ambaye hakujua Kiswahili wala hakumjua Adrienne, alisema "ja", ndiyo ya kwao, kwa sauti ndogo.

Diane aliinamia spika mpaka kitambaa cha mbele cha spika kikagusa shavu lake. Alisikia Dia. Alikuwa na hakika amesikia Dia. Kisha hakuwa na hakika. Sekunde zile nne zilikuwa kichwani mwake usiku na mchana, zingeweza kutoka huko. Pete ikazunguka. Akangoja njoo, akangoja kile kinachofuata baada ya njoo, na alipofumbua macho aliwaona wote wanamtazama, wamekaza nyuso kwa wema, kama watu wanaomtazama mtu akifungua zawadi. Akahisi midomo yake yenyewe inaanza kutabasamu, wasije wakaumia.

Emmanuella alivua vile vifuniko vya masikio, akavilaza sakafuni kwa uangalifu. Akainamisha kichwa akasikiliza, ametulia, mzunguko mzima, mpaka kile kishindo kidogo kikapita.

"Mama," alisema kwa sauti, "hakuna mtu anayeongea."